Kipindupindu sugu kilipitia wapi hadi kufika Mayotte?

Kipindupindu kilipozuka Mayotte, kisiwa cha Ufaransa jirani na Komoro, mwaka 2024, kuutambua ugonjwa hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kujua umetoka wapi, na kwa nini azithromaisini na siprofloksasini, mbili kati ya dawa tatu za kumeza zinazopendekezwa, hazikufua dafu. Mimi nasoma jenomu za bakteria, yaani DNA yao yote, na kisa hiki ndicho ninachokitoa nikiulizwa kazi yenyewe ina faida gani.

Jenomu ya Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, ina herufi za DNA zipatazo milioni nne. Bakteria akigawanyika huzinakili zote, na mara chache herufi moja hukosewa. Katika ukoo unaoleta milipuko duniani tangu 1961, makosa yanayodumu hayazidi sana matatu kwa mwaka. Sampuli mbili zikipishana kwa herufi tano, babu yao ni wa juzi tu. Zikipishana kwa mia, usipoteze muda kutafuta nani kamwambukiza nani. Ni nasaba kama zile wanazohesabu wazee msibani.

Nasaba hiyo ilishatuonyesha kwamba kipindupindu cha Yemen cha 2016 na 2017 kilitoka Asia Kusini, kikapita kwetu Afrika Mashariki, ndipo kikavuka. Wakati huo antibiotiki nyingi zilikuwa bado zinakimudu. Mwaka 2018 na 2019, huko huko Yemen, kikaonekana kimebeba plasmidi yenye jeni za usugu. Aina hiyo sugu, isiyosikia dawa kumi, ikapatikana Lebanoni 2022, Kenya 2023, kisha Tanzania na Komoro, pamoja na Mayotte, 2024. Yaani kilipita kwetu kikiwa dhaifu, kikarudi na silaha.

Hapo kwenye plasmidi ndipo wengi wetu tunapoteleza. Ni duara dogo la DNA lililo nje ya kromosomu, na bakteria anaweza kumpa mwenzake, hata wa spishi nyingine. Nasaba inachorwa kwa herufi za kromosomu, kwa hiyo safari ya plasmidi haionekani humo. Mashine zinazosoma vipande vifupi huiacha imekatikakatika, usijue jeni ipi imekaa wapi. Zinazosoma vipande virefu, nyingine ndogo za kushika mkononi, huitoa nzima. Ripoti inayochora mti mzuri wa nasaba na kuupaka usugu rangi pembeni, bila kusema usugu huo umebebwa na nini, kwangu haijakamilika.

Wala mti hautaji msafiri. Lebanoni kutangulia Kenya hakumaanishi kwamba mtu aliutoa ugonjwa Beirut akauleta Mombasa. Kati ya vituo hivyo huenda kuna nchi ambazo hakuna aliyesoma chochote, na sidhani kwamba ugonjwa ulikuwa umelala huko. Kilicholala ni maabara.

Doksisiklini, ile dawa ya tatu, bado ilikuwa inafanya kazi, na ORS na dripu ndizo zinazookoa wengi hata hivyo. Ila usugu hauonekani kwenye kipimo cha haraka cha utepe. Ndugu zangu wa maabara za wilaya, msiishie kwenye utepe: chukueni kinyesi kabla mgonjwa hajapewa antibiotiki, mkiweke kwenye Cary-Blair, ile dawa ya kusafirishia sampuli. Humo bakteria hustahimili safari bila friji, na sisi tunapata cha kuotesha na kusoma.