“Orijino ninayo, nitatoa kopi”: dhana potofu kuhusu nakala za cheti cha kifo

Tuanze na hiyo orijino, maana ndiyo inayozungusha wafiwa kuliko nyingine zote. Mtu ana cheti kimoja, anatoa fotokopi kumi, wakili anazigonga muhuri, na wiki ya pili zinaanza kurudishwa moja moja.

Ukweli ni kwamba orijino haiko nyumbani kwako. Orijino ni ingizo lililo kwenye rejesta ya vifo, na hiyo haitoki kwa msajili. Karatasi uliyokabidhiwa siku ya kwanza ni nakala iliyothibitishwa ya ingizo hilo. Ukiomba nyingine mwaka kesho, itakuwa na nguvu ileile.

Wakili akigonga muhuri kwenye fotokopi anathibitisha jambo moja tu: karatasi hii inafanana na ile aliyooneshwa. Kama aliyooneshwa ni ya kughushi, muhuri wake hauna habari. Anayethibitisha kwamba rejesta inasema hivyo ni msajili. Ndiyo maana mtu wa madai ya bima huinua cheti kwenye mwanga kutafuta alama ya maji, kisha hupitisha kidole gumba juu ya muhuri wa kukandamiza kuona kama una kinundu. Fotokopi haina kinundu. Karatasi nyingine za usalama, ukizipitisha kwenye mashine, kopi hutoka na neno la onyo ambalo kwenye cheti chenyewe hulioni kwa macho.

Wapo wanaoridhika na fotokopi, kwa mfano unapofunga laini ya simu ya marehemu. Hao wape fotokopi, usiwapelekee ya msajili.

Ziombwe ngapi, basi? Orodhesha kila mahali marehemu alipoacha mali, deni au dai, kisha waulize wote swali moja: “Mnabaki nayo, au mnaiangalia na kunirudishia?” Kila anayebaki nayo mhesabie ya kwake. Wanaorudisha watatumia moja ya kuzunguka. Ongeza moja ya kukaa kabatini. Mwenye bima mbili za kampuni tofauti, pensheni, benki na shauri la mirathi, wote wakiwa wanabaki nayo, anahitaji tano. Na ya kuzunguka sita, na ya akiba saba. Kuagiza ishirini ni woga tu, hasa kwa kuwa baadhi ya taasisi hukataa nakala iliyotolewa zamani hata kama cheti chenyewe hakiishi muda.

“Herufi moja tu, tutarekebisha baadaye.” Rejesta ikisema Mohamed na kitambulisho kikisema Mohammed, nakala zote saba zitatoka na Mohamed, na benki itakwambia hao ni watu wawili. Marekebisho hufanyika kwenye rejesta. Nakala ulizokwisha kuchukua hazibadiliki, unalipia nyingine. Kwa hiyo agiza moja kwanza. Ikague jina kwa jina, tarehe kwa tarehe, pamoja na kitambulisho, kadi ya benki na hati ya nyumba. Ikiwa sawa, ndipo uagize zilizobaki kwa kutaja namba ya ingizo iliyo juu yake, kwani hiyo humwokolea karani kupekua rejesta. Na tafadhali, usiongeze herufi kwa kalamu. Cheti kilichoguswa kwa kalamu hakipokelewi popote.

“Hospitali ilishatupa cheti.” Ile ni taarifa ya daktari kuhusu sababu ya kifo, ya kupeleka kwa msajili. Kibali cha mazishi nacho kinaruhusu kuzika, basi.

“Tutaomba kwao alikozaliwa.” Kwa kawaida kifo husajiliwa kilikotokea. Aliyefia safarini, anza huko.

“Sababu ya kifo inachunguzwa, lakini cheti si tumepata?” Kwa kufunga akaunti huenda kikatosha. Bima ya maisha mara nyingi itasubiri sababu iandikwe, kwa hiyo nakala za bima zisiagizwe kabla.

“Tumekitia laminesheni kisiharibike.” Ndivyo mlivyokiharibu. Muhuri haushikiki tena, na hakuna atakayebandika uthibitisho juu ya plastiki. Bahasha ngumu inatosha, na pini za stepla zisikiguse.

“Kina muhuri wa serikali, kitakubalika nchi yoyote.” Kama nchi iliyokitoa na nchi kinakokwenda zote zimo ndani ya Mkataba wa Hague wa 1961, kwa kawaida kinahitaji apostili, yaani hati ya uthibitisho inayotambuliwa na nchi za mkataba huo; vinginevyo, kwa kawaida hupitia wizara ya mambo ya nje na kisha ubalozi wa nchi kinakokwenda. Apostili huthibitisha saini, cheo cha aliyesaini na muhuri, haigusi yaliyoandikwa. Ukiipeleka ile fotokopi ya wakili, utarudishiwa karatasi inayoithibitishia dunia nzima kwamba wakili wako ni wakili.