Setilaiti Huzama, Mlango wa Ardhini Hubaki Wazi

Mama yuko kwa wakala pale Mwanga, Kigoma mjini, anatuma pesa Kasulu. Mtoto analia, anambembeleza, akirudi kwenye simu menyu imekatika. Aanze upya, na namba ya siri aingize tena. Wengi huudhika. Mimi ninayefundisha usalama wa mitandao naomba tusiilaumu menyu ile: simu ikiachwa wazi mezani, mkono mwingine utaimalizia kazi.

Setilaiti nazo zahitaji ukali huo. Inayozunguka kimo cha kilomita 500 hivi hukimbia zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Ikichomoza juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, baada ya dakika 10 hivi imekwishazama. Nani ataiingilia kwa muda huo mfupi?

Hatari kubwa iko chini. Kompyuta zinazotunga amri na kuzipeleka kwenye antena hazizami. Fundi huingia akiwa mbali kwa intaneti, humaliza kazi, husahau kutoka. Tarehe 24 Februari 2022, wavamizi wa KA-SAT, mtandao wa intaneti ya setilaiti huko Ulaya, hawakuigusa setilaiti. Walipitia kifaa cha kuingilia mtandao kwa mbali kilichopangwa vibaya, wakafika sehemu ya usimamizi, wakaharibu modemu (vifaa vya wateja vya kuunganishia intaneti) makumi ya elfu kwa amri zilizoonekana halali. Mitambo ya upepo ipatayo 5,800 Ujerumani ikapoteza mawasiliano ya uangalizi.

Kikomo cha muda peke yake hakizibi tundu kama lile, lakini humnyima mwizi muda wa kuzurura ndani. Ziwekwe saa za kuhesabu muda, mbili: moja ikate mawasiliano fundi akikaa kimya, nyingine iyakate hata kama bado anafanya kazi. Ufunguo wa siri unaolinda mawasiliano hayo ufe nayo. Na kila amri ibebe namba ya mfululizo, ili aliyeinasa leo akiirudia kesho ikataliwe.

Saa hizo zisipangwe kwa mazoea ya benki. Ishara kufika Mirihi huchukua dakika 3 hadi 22, na jibu hurudi kwa muda kama huo. Ukikata baada ya dakika tano utajifungia nje mwenyewe. Vyombo vya mbali navyo huwa na saa yao: kisiposikia amri kutoka duniani kwa muda uliowekwa, chombo huanza chenyewe kujaribu kipokezi au antena ya akiba.