Sharia, sheria, na ile B ya Kiswahili

Wiki iliyopita aliingia kwenye ofisi yangu ya uwakili hapa mtaa wa Langoni, Lamu, mzee mmoja nahodha ninayemwita ami, ingawa hatuna damu moja. Nyuma yake mjukuu wake, kanzu imenyooshwa pasi, mkononi bahasha ya plastiki.

"Mwanangu," ami akasema hata kabla hajaketi, "huyu karudi kutoka Madina na shahada yake ya sharia. Mvalishe joho, anisimamie kesi ya shamba langu la kule Hindi, bara."

Ombi hili nimelipokea mara nyingi Lamu hii, ndiyo sababu naandika. Sharia na sheria zimetengwa na herufi moja tu, lakini kwa anayetaka uwakili herufi hiyo ni safari ndefu kuliko Mokowe hadi Nairobi.

Shahada ya sharia inaweza kumfikisha kijana kwenye ukadhi. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, inataka kadhi awe Muislamu mwenye ilimu ya sharia ya Kiislamu ya kuitosheleza Tume ya Huduma za Mahakama kwamba anafaa kuketi kwenye kiti hicho. Kifungu hakimdai uwakili. Ila kadhi naye ana mipaka yake: hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, tena pale tu wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake. Shamba la ami si mirathi. Ni jirani aliyesogeza ua, na hilo kadhi haligusi.

Nikamwambia kijana anionyeshe cheti chake cha Kidato cha Nne. Akanipa shahada ya Madina. Nikasema la, cha Kidato cha Nne. Akashangaa, na kila mtu hushangaa hapo. Umesoma mpaka ndevu zimeota, halafu unaulizwa alama za utotoni! Akakitoa chini kabisa ya bahasha, kimekunjwa mara nne, pembe moja imenyonya unyevu wa bahari mpaka imeota madoa. Wastani C+. Kiingereza C+. Kiswahili B.

"Ami," nikasema, "riziki yake iko hapa kwenye mstari huu."

Njia ya kawaida ya kuingia shahada ya sheria nchini Kenya, ile inayoitwa LLB, ni wastani wa C+ kwenye KCSE, mtihani wa Kidato cha Nne, pamoja na B kamili, si B ya kutoa, katika Kiingereza au Kiswahili. Neno "au" hapo watu wengi wa pwani hawalioni. Kiingereza kikikuangusha, Kiswahili chaweza kukubeba. Lakini msidhani kwamba B hiyo sisi wa Amu, yaani Lamu, tunaiokota ufukweni. Mtoto wetu anaandika "ndia", "moya" na "mato" kama anavyosema na nyanya yake, na kalamu nyekundu ya mwalimu inataka njia, moja na macho. Nimewajua watoto wenye mashairi kichwani waliotoka na C ya Kiswahili. Mzazi mwenye mtoto Kidato cha Pili anayetamani sheria, amtafutie mwalimu wa insha leo, asingoje.

Mwenye diploma au shahada nyingine ana milango mingine ya kuingilia LLB. Tatizo hutokea mbele, kwenye Chuo cha Sheria cha Kenya kule Karen, ambacho kina masharti yake chini ya sheria ya 2012. Je, aliyepanda ngazi kwa ngazi kutoka alama ndogo anaruhusiwa? Swali hilo limefika mahakamani si mara moja, na hukumu zimepishana. Ushauri wangu ni kwamba usome kanuni za mwaka unaoomba, usitegemee binamu aliyeingia zamani.

LLB yenyewe ni miaka 4. Chagua chuo kikuu ambacho kitivo chake cha sheria kina leseni ya Baraza la Elimu ya Sheria. Uliza kabla ya kulipa hata shilingi. Kuna masomo 16 ya lazima, kuanzia mikataba, jinai, ushahidi na katiba hadi ardhi na kazi. Ukisomea nje, hata Uganda hapo jirani, shahada yako lazima itambuliwe na Baraza hilo.

Ukishaipata bado si wakili. Hapo sasa Karen, mwaka mmoja: masomo 9, na katika kila somo mtihani wa kuandika una alama 60 kwa mia, mradi 20, na wa mdomo 20. Kufaulu ni 50. Mimi nilianguka karatasi ya uhamishaji wa ardhi nikairudia, na leo ndiyo karatasi inayonilisha. Juu ya hayo kuna miezi 6 ya uanagenzi chini ya wakili mwenye miaka 5 au zaidi kazini. Mtafute mapema, kwani Lamu mawakili tuko wachache na wanagenzi wengi huishia Malindi au Mombasa. Miezi yangu niliitumia nusu kupanga mafaili na nusu kuagiza chai, kwenye ofisi ambayo jina lake silitaji. Muulize wakili huyo, kabla hujakubali, kama atakupeleka mahakamani.

Mwisho unamwandikia Jaji Mkuu ombi la kukubaliwa, unaapa, unatia saini kwenye daftari la mawakili. Halafu leseni, ambayo utaikata upya kila mwaka.

Ami alisikiliza yote kimya, vidole vyake vikihesabu juu ya mkongojo. "Miaka minne. Mmoja. Nusu. Na kungojea kwingi." Akamtazama mjukuu. "Kusi sita na kaskazi sita."

"Mungu akijaalia, ami."

Kijana akauliza kwa sauti ndogo kama zile 16 zina fikihi ndani yake. Nikamwambia atakutana na mirathi kwenye sheria ya familia, na hapo atawafundisha wenzake. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Na shamba langu?" ami akauliza. "Jirani hangoji kusi sita."

Nikavuta faili jipya nikaandika jina lake juu. "Nitalisimamia mimi. Nipe hati."

Akapapasa mfuko wa shati, kisha wa kikoi. Hati imo sandukuni, Hindi, na ufunguo anao mke mkubwa.