Mtoto aliyelilia chumvi

Mwaka 1940 watafiti wawili wa Marekani, daktari Lawson Wilkins na mwanasayansi Curt Richter, walichapisha habari za mtoto wa kiume wa miaka mitatu na nusu aliyependa chumvi kupita kiasi. Akipewa biskuti za chumvi, alilamba chumvi yote na kuiacha biskuti. "Chumvi" lilikuwa miongoni mwa maneno ya kwanza aliyojua kutamka. Wazazi walimwachia, maana walimwona hatulii asipoipata. Hospitali alipelekwa kwa sababu nyingine kabisa: mwili wake ulikuwa umeanza kuonyesha dalili za kubalehe kabla ya wakati. Huko wodini akapewa chakula cha kawaida, kama watoto wenzake, na siku saba baadaye akafariki ghafla.

Uchunguzi wa maiti ulionyesha kasoro kubwa kwenye tezi za adrenali, zile tezi ndogo zinazokaa juu ya figo. Homoni za tezi hizo ndizo zinazoziamuru figo ziibakize chumvi mwilini. Zikikosekana, chumvi hutoka kwa mkojo, maji huifuata, shinikizo la damu hushuka, na potasiamu hupanda hadi kuuhatarisha moyo. Kumbe muda wote ule mtoto alikuwa akijitibu. Kile kilichoonekana ni ulafi ndicho kilichokuwa kikimweka hai.

Humkumbuka mtoto huyu kila ninapokaa na mgonjwa ambaye ugonjwa wake haueleweki. Vipimo vyake vingeweza kuchelewa au kukosekana kabisa, lakini jibu lilikuwa nyumbani kwao, na mama yake alikuwa akiliona kila siku.

Fani yetu ya magonjwa ya ndani inashughulika na moyo, mapafu, ini, figo, damu, tezi, na zaidi sana na yale maradhi yanayogusa viungo vingi kwa pamoja. Watu wakisikia habari za "mgonjwa wa ajabu" hudhani ni ugonjwa adimu usiojulikana popote. Mara nyingi sivyo. Ni ugonjwa tunaoujua vizuri, ila umekuja kwa njia isiyozoeleka. Mtu mwenye kisukari cha miaka mingi anaweza kupata mshtuko wa moyo bila maumivu yoyote ya kifua, kwa sababu neva zake zimeharibika. Anachohisi ni kichefuchefu, jasho na kuishiwa pumzi, naye anadhani ni tumbo. Mzee ambaye tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi anaweza asitetemeke wala asihangaike kama vijana, bali akawa mnyonge, kakonda, kajitenga, hadi familia ikasema ni uzee.

Yapo pia yale ambayo mgonjwa huyaficha kwa kuona aibu. Mtu anatafuna barafu kutwa nzima, au anatamani udongo. Hamu ya namna hiyo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa madini ya chuma. Kwa mwanamume mtu mzima, upungufu huo unatulazimisha kuuliza damu inapotea wapi, na wakati mwingine tunaikuta ikivuja polepole kutoka kwenye uvimbe wa utumbo mpana ambao bado unatibika. Nimesikitika mara nyingi kuona jambo hilo likitajwa mwishoni kabisa, mkono wa mgonjwa ukiwa tayari kwenye kitasa cha mlango.

Tezi za adrenali zikishindwa kazi kwa mtu mzima, tunauita ugonjwa wa Addison, kwa jina la Thomas Addison, daktari wa London aliyeueleza mwaka 1855. Mgonjwa huchoka, hukonda, hupata kizunguzungu akisimama, hutamani chumvi, na ngozi yake hubadilika kuwa nyeusi zaidi. Kifua kikuu ni mojawapo ya visababishi vyake, kwa kuwa vimelea vinaweza kuziharibu tezi zenyewe. Vitabu vingi viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, na hapo ndipo hatari ilipo: kwa mtu mweusi mabadiliko hayo hupita bila kuonekana daktari asipofunua mdomo kutazama ufizi, asipokunjua kiganja kutazama mistari yake, na asipouliza kama makovu ya zamani yamebadilika rangi. Anayemfahamu mgonjwa tangu zamani huligundua jambo hili kabla yetu. Ndugu akiniambia "amekuwa mweusi mno siku hizi," ninaliandika kwenye faili kama ninavyoandika kipimo.

Daktari akikutana na mgonjwa anayemfundisha jambo jipya, huandika taarifa yake na kuipeleka kwenye jarida la kitabibu ili wenzake waisome. Tarehe 5 Juni 1981, taarifa ya vijana watano wa Los Angeles waliougua nimonia ya nadra, iliyozoeleka kwa watu ambao kinga yao imeporomoka, ndiyo ilikuwa mlango wa ulimwengu kuufahamu UKIMWI. Watano tu. Lakini aliyeona alikuwa makini, akaandika, na wengine waliposoma wakasema: hata huku wapo.

Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, iliingia kwenye majarida ya kitabibu kwa mgonjwa mmoja. Mwishoni mwa 1904 kijana wa miaka 20 kutoka Grenada, mwanafunzi wa udaktari wa meno mjini Chicago, alilazwa akiwa na upungufu wa damu na kikohozi. Ernest Irons, daktari mwanafunzi wodini, alitazama damu yake kwa hadubini akaona chembe nyekundu zilizopinda kama mundu. Mkuu wake, James Herrick, alichapisha habari hizo mwaka 1910, na alikiri kwamba hajui ni ugonjwa gani. Ninamheshimu kwa kukiri huko. (Jamii za Afrika Magharibi zilikuwa zimeujua ugonjwa huu na kuupa majina yao muda mrefu kabla, kilichokosekana ni mtu wa kuwasikiliza.)

Mwaka 1948 daktari wa watoto wa New York, Janet Watson, aliona kuwa vichanga wenye ugonjwa huu wana chembe chache zilizopinda. Akafikiri kwamba hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ambayo mtoto huzaliwa nayo ndiyo inayowakinga. Mwaka uliofuata mkemia Linus Pauling na wenzake wakaonyesha kuwa kasoro iko kwenye hemoglobini yenyewe. Hapo ndipo swali la tiba lilipozaliwa: je, tunaweza kuirudisha ile hemoglobini ya uchangani kwa mtu mzima? Dawa iitwayo haidroksiyurea ilionekana kufanya hivyo. Hata hivyo, kuona damu ikibadilika hakutoshi. Wagonjwa 299 wa Marekani na Kanada waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa dawa, wengine vidonge visivyo na dawa, na si mgonjwa wala daktari wake aliyejua nani anameza nini. Matokeo yalitoka mwaka 1995: mgonjwa wa katikati ya kundi lililopewa dawa alipata vipindi vya maumivu makali 2.5 kwa mwaka, na yule wa katikati ya kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa alipata 4.5.

Tangu yule kijana wa Chicago hadi hapo ilikuwa imepita miaka 90. Na bado lilibaki swali lililoihusu Afrika moja kwa moja: dawa hii haitawadhuru watoto wanaoishi penye malaria? Watoto 606 walipewa dawa hiyo Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale, na mwaka 2019 matokeo yakachapishwa. Maumivu yalipungua, vifo vilipungua, na malaria yenyewe ilipungua kuliko kabla ya watoto kuanza dawa. Hofu iliyowanyima watoto dawa kwa miaka ilijibiwa kwa kuwapima, na wala isingejibiwa kwa njia nyingine.

Mbona tusimwamini tu daktari mzoefu anayesema dawa fulani inafaa? Mfano unaonigusa zaidi unatoka kwenye moyo. Watu waliopona mshtuko wa moyo wakiwa na mapigo ya ziada yasiyo na mpangilio walijulikana kuwa kwenye hatari ya kufa ghafla. Zikapatikana dawa zilizoyatuliza mapigo hayo vizuri sana. Kila daktari aliliona hilo kwa macho yake kwenye karatasi ya kipimo cha mapigo ya moyo. Zikatumika. Baadhi ya madaktari waliona hata ni makosa kumnyima mgonjwa dawa hizo kwa ajili ya utafiti. Utafiti ulifanyika hata hivyo, na mwaka 1989 ukalazimika kusimamishwa kwa dawa mbili kati yake, enkainaidi na flekainaidi. Kati ya wagonjwa 755 waliozimeza walikufa 63. Kati ya 743 waliopewa vidonge visivyo na dawa walikufa 26.

Hakuna daktari mmoja ambaye angeweza kuliona hilo akiwa kliniki kwake. Mgonjwa wake akifa, angesema moyo ulikuwa umeshaharibika. Mgonjwa wake akipona, angeishukuru dawa. Ndiyo maana ninapoletewa ushuhuda wa mtu aliyekunywa kitu fulani akapona, simbezi aliyetoa ushuhuda, kwani huenda kweli amepona. Ninauliza wangapi walikunywa wasipone, wangapi walipona bila kunywa, na nani aliwahesabu. Magonjwa mengi huwa na siku za kupanda na za kushuka, na watu hutafuta dawa siku ile yamepanda. Hata maji matupu yataonekana yameponya.

Najua wapo wanaouogopa utafiti, na hofu hiyo ina mizizi ya kweli. Huko Alabama, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi wapatao 400 wenye kaswende walifuatiliwa bila kutibiwa wala kuambiwa ukweli, ingawa penisilini ilikuwa tiba iliyokubalika tangu miaka ya 1940. Sheria za leo kuhusu ridhaa na kamati za maadili zinatokana na mateso ya watu kama hao. Hivyo ukiombwa kushiriki utafiti, uliza unapimwa nini, utapewa nini, hatari ni zipi, kamati gani ya maadili imeupitisha, na nani wa kumpigia ukipata shida usiku. Una haki ya kuchukua karatasi na kwenda kushauriana na watu wako kabla ya kutia sahihi, na una haki ya kujitoa siku yoyote bila matibabu yako ya kawaida kuguswa.

Vilevile daktari akikuomba ruhusa ya kuandika habari za ugonjwa wako, jina lako halitatajwa, na picha isikutambulishe. Hata hivyo, ugonjwa ukiwa adimu, umri, kazi na mahali unapoishi vinaweza kumtosha jirani kukujua. Omba uisome taarifa kabla haijatoka, au usomewe. Ukikataa, huna deni kwa mtu.

Ukija kutuona kwa ugonjwa uliozungusha watu, beba dawa zote ulizotumia zikiwa kwenye pakiti zake, pamoja na za mitishamba na zile ulizopewa na rafiki. Piga picha ya upele au uvimbe siku unapotokea, kwa sababu huenda siku ya miadi ukawa umepotea. Na njoo na mtu anayeishi nawe. Kisha, kabla hujakaa vizuri kitini, anza na lile unaloona ni dogo mno kulisema.