Kiwango cha punguzo: kesho ina thamani gani leo?

Ukiambiwa uchague kati ya dola 100 leo na dola 100 mwakani, utachukua za leo bila kujiuliza. Za leo unaweza kuzizungusha zikazaa; za mwakani nani ajuaye. Wachumi wameigeuza tabia hiyo kuwa hesabu. Kiwango cha punguzo ni asilimia inayokatwa kila mwaka kwenye faida au hasara ya baadaye ili iweze kulinganishwa na fedha za leo. Punguzo hili si lile la bei dukani.

Kwa mradi wa miaka 10 hakuna anayegombana sana. Tabianchi ni habari nyingine, maana anayelipia kupunguza hewa ya ukaa yuko hai leo, na anayeepushwa na madhara huenda hajazaliwa. Chukua hasara ya dola milioni 1 itakayotokea miaka 100 ijayo. Ukikata asilimia 1.4 kwa mwaka, leo inahesabiwa kuwa kama dola 249,000. Ukikata 4.3, inabaki chini ya 15,000. Ukikata 7, inakuwa kama dola 1,150. Mafuriko ni yale yale na nyumba zilizobomoka ni zile zile.

Asilimia hiyo hutoka wapi? Fomula inayotumika zaidi ina jina la Frank Ramsey, mwanahisabati wa Cambridge, na chimbuko lake ni makala yake ya mwaka 1928. Imejengwa juu ya mambo mawili. Kwanza ni kukosa subira: kesho inathaminiwa kidogo kwa sababu tu ni kesho. Pili ni utajiri: kama watakaokuja watakuwa na mali kutuzidi, dola moja itawafaa wao kidogo kuliko inavyotufaa sisi. Hili la pili lina mantiki, ingawa linachukulia kwamba uchumi utaendelea kukua hata hali ya hewa ikiharibika, na hapo ndipo penye ubishi. Lile la kwanza Ramsey mwenyewe alilikataa. Aliona halitetewi kimaadili, na kwamba linatokana na udhaifu wa kuwaza yaliyo mbali.

Mwaka 2006 mchumi Nicholas Stern aliiandikia serikali ya Uingereza ripoti iliyofuata njia hiyo. Kukosa subira alikupa asilimia 0.1 tu, na hata hiyo ni kwa sababu huenda binadamu wakatoweka kabisa kabla ya siku hiyo kufika. Jumla ikawa 1.4, na hitimisho likawa: chukueni hatua kubwa sasa hivi. William Nordhaus, mchumi wa Chuo Kikuu cha Yale aliyepata Nobel mwaka 2018, alipinga. Kwake, kiwango kifuate faida ambayo watu wanaipata kweli sokoni, la sivyo mchumi anawabebesha wenzake maadili yake binafsi. Hoja ina uzito. Lakini kuamua kwamba soko ndilo mwamuzi nako ni uamuzi wa kimaadili, na sokoni wasiozaliwa hawana akaunti.

Serikali nazo hazikwepi. Hadi mwaka 2025 Marekani ilikuwa ikikadiria hasara inayoletwa na tani moja ya hewa ya ukaa. Mwaka 2021 ilitumia dola 51, kwa kiwango cha asilimia 3. Mwaka 2023 shirika lake la mazingira likafika dola 190, kwa asilimia 2 na makadirio mapya ya madhara. Kabla ya 2021, utawala wa kwanza wa Trump ulipotumia asilimia 3 na 7, tena ukihesabu hasara za ndani ya Marekani pekee, zilibaki dola chache tu.

Kuna jambo moja husahaulika. Tukikubali kwamba dola humfaa maskini kuliko tajiri, mbona tuitumie hoja hiyo kwa vizazi vijavyo tu, na tuiache tunapolinganisha nchi tajiri na maskini za leo? Shirika la mazingira la Ujerumani huiingiza: hasara ya maskini huongezewa uzito. Tena kwa tani ya mwaka 2020 lilitoa bei mbili, euro 195 na euro 680. Ya kwanza inakipa kizazi cha sasa upendeleo wa asilimia 1 kwa mwaka. Ya pili inavihesabu vizazi vyote sawa. Zote mbili zikachapishwa, msomaji aone anachokichagua.