"Nitaenda makao makuu": dhana potofu kuhusu ofisi za TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) mikoani

Ninashughulikia kodi za wafanyabiashara, na kuna kauli moja imenichosha: "Hawa wa mkoani wananionea. Naenda makao makuu Dar, watafuta makadirio haya ya kodi."

Hakuna atakayefuta. Wenye kauli hiyo huona ofisi ya mkoa na makao makuu kama mamlaka mbili, moja bosi wa nyingine. Kisheria mwenye madaraka ya kukadiria kodi ni mmoja, Kamishna Mkuu. Meneja wa mkoa anatumia madaraka aliyokasimiwa. Itazame barua yenyewe ya makadirio: sahihi ni ya ofisa wa mkoani, lakini cheo kilichoandikwa chini yake ni "Kny: Kamishna Mkuu". Ukienda Dar unamshtaki Kamishna Mkuu kwa Kamishna Mkuu. Watakupokea vizuri tu, kisha wataliulizia faili lako kulekule ulikotoka.

Ubaya ni kwamba huku siku zinahesabiwa. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inakupa siku 30 tangu ulipopewa makadirio, uweke pingamizi kwa maandishi ukieleza sababu. Kikao na meneja si pingamizi. Simu ya shemeji anayemjua mtu huko juu si pingamizi. Nyongeza ya muda ipo kwa mwenye sababu kama ugonjwa au kuwa nje ya nchi; "nilikuwa nafuatilia Dar" sijaona ikimsaidia mtu.

Tena pingamizi halipokelewi mikono mitupu. Unalipa kiasi usichokibishia au theluthi ya kodi uliyokadiriwa, kilicho kikubwa. Umekadiriwa milioni 60 na unakubali 12 tu? Theluthi ni 20, basi lipa 20, au uombe mapema kupunguziwa, kwa sababu za maana. Usiporidhika na uamuzi, njia ni Bodi ya Rufaa za Kodi, halafu Baraza la Rufaa za Kodi, mwisho Mahakama ya Rufani. Makao makuu hayamo kwenye ngazi hizo. Kama ofisa amekutolea lugha chafu au amekuomba kitu kidogo, hapo sawa, panda juu ukalalamike.

Na nakala ya pingamizi yenye mhuri wa kupokelewa, tafadhali, iwekwe pamoja na hati ya nyumba. Si kwenye dashibodi ya gari.

Kuna dhana nyingine ninazozisikia. "Meneja akitaka anaweza kunipunguzia asilimia." Hawezi. Viwango hupitishwa na Bunge katika Sheria ya Fedha ya kila mwaka, inayoanza Julai 1. Unachoweza kubishana naye ni hesabu: mauzo, manunuzi, risiti.

"Nimehamia Dodoma, deni limebaki Mwanza." TIN (namba ya mlipakodi) ni moja nchi nzima, na deni limeshikana nayo. Toa taarifa ya kuhama faili likufuate, usifungue TIN ya pili.

"Nikishalipa TRA, halmashauri haina changu." Halmashauri si tawi la TRA. Ushuru wa huduma ni wao, na unalipwa kwao.

"TRA haina kazi Zanzibar." Inayo. Kodi ya mapato na forodha ni mambo ya Muungano, na TRA inazikusanya huko. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya ndani ndiyo iliyo chini ya mamlaka ya Zanzibar yenyewe, kwa hiyo mwenye duka Darajani anaweza kuwa na faili pande zote mbili.