Dozi ya TB haifiki dola 50. Kwa nini basi inafilisi?

Wanafunzi wangu wa uchumi wa afya hapa Dar es Salaam hawachoki kuniuliza: inakuwaje Marekani itumie kama dola 20,000 kumtibu mgonjwa mmoja wa kifua kikuu cha kawaida, wakati kwetu dawa za miezi sita hazifiki dola 50? Wengi wanadhani wenzetu wana vidonge vikali zaidi. Hawana. Kwa sehemu kubwa ni rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambuto zile zile zinazomezwa Temeke na Mbagala.

Fedha zinaishia kwenye kitanda na mishahara. Kule wengi hulazwa kwanza, kisha muuguzi analipwa kumfuatilia mgonjwa mpaka dozi iishe. Tena wagonjwa wao ni kama 10,000 tu kwa mwaka, soko dogo, na dawa zinauzwa ghali. Sisi tunanunua kupitia Global Drug Facility, iliyoanzishwa mwaka 2001 kukusanya oda za nchi nyingi pamoja ili bei ishuke.

Hapa nijivunie kidogo. Hesabu iliyoushawishi ulimwengu kwamba TB inatibika kwa fedha ndogo ilitoka kwetu. Mpango wa taifa ulianza mwaka 1977, na daktari Karel Styblo akautumia kuonyesha kwamba nchi maskini inaweza kuponya wagonjwa wake ikiwa na maabara za makohozi, dawa zisizokatika na daftari linalojazwa kwa uaminifu. Mwaka 1993 Benki ya Dunia iliyataja matibabu hayo miongoni mwa huduma za afya zenye faida kubwa kuliko gharama zake.

Lakini hiyo ni hesabu ya serikali. Ya mgonjwa ni nyingine kabisa.

Mchukulie mbeba mizigo wa Kariakoo. Kabla hajafika kliniki ya TB ameshanunua dawa za kikohozi duka la dawa, ameshapimwa malaria na taifodi kwenye zahanati binafsi, ameshapewa antibiotiki. Yote kwa fedha yake. Akishagundulika, vidonge anapewa bila malipo, ila nauli ya daladala ni yake, na chakula pia, maana hamu ya kula ikirudi inarudi kwa kishindo. Kubwa kuliko yote, mgongo hauna nguvu ya kubeba gunia, na kibarua asiyefanya kazi leo halipwi leo. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa kaya imeelemewa pale TB inapomeza zaidi ya asilimia 20 ya mapato yake ya mwaka. Ulimwenguni, karibu nusu ya kaya zenye mgonjwa hufika hapo. Kwa TB sugu, yaani ile isiyosikia dawa za kawaida, ni takriban nane kati ya kumi.

TB sugu ndiyo inayogeuza maelezo yangu, kwa sababu huko dawa yenyewe ni ghali. Tulipoanza kuitibu Kibong'oto, Kilimanjaro, mwaka 2009, matibabu yalikaribia miaka miwili, pamoja na sindano zilizowaacha baadhi ya watu viziwi. Sasa wengi wanaweza kutibiwa kwa vidonge vya miezi sita vyenye bedaquiline. Mwaka 2020 bei ya bedaquiline pekee, ya miezi sita, kwa nchi kama yetu ilikuwa dola 340. Mwaka 2023, hataza kuu, yaani haki ya kampuni moja tu kuitengeneza, ilipokwisha muda katika nchi nyingi na watengenezaji wengine kuingia sokoni, ikashuka hadi dola 130. Wanaharakati waliopigania bei hiyo kwa miaka wanastahili shukrani kuliko sisi wenye majedwali.

India tangu 2018 inampa kila mgonjwa rupia 500 kwa mwezi za chakula, na mwishoni mwa 2024 ikaziongeza hadi 1,000. Ningepewa mimi bajeti ya Dar, ningeanza na nauli na unga wa miezi miwili ya kwanza, wakati mgonjwa amedhoofika zaidi na kipato kimekatika. Pia ningewalipa wenye maduka ya dawa kwa kila mteja wa kikohozi cha wiki mbili wanayemwelekeza kupima makohozi, badala ya kumuuzia chupa ya tatu.